Humo, Hapo na Huko: Ramani ya Mahali pa Ngoma Mtwara

Mtafiti atakaye kuonyesha kwa ramani mahali panapochezwa muziki katika kata ya Magomeni, Mtwara, huanza kwa kuhesabu kumbi. Hesabu hiyo ni rahisi, kwani ukumbi una mlango na kiingilio. Lakini ngoma nyingi za Wamakonde hazihitaji ukumbi. Sindimba huchezwa uwanjani. Katika mapiko, mvaa kinyago hutokea nje ya uwanja, husogea, hurudi nyuma, kisha husogea tena. Je, nukta iwekwe wapi?

Hapa sarufi ya Kiswahili yaweza kumfaa mchora ramani kuliko jiografia. Ngeli za mahali hutofautisha ndani (mu-), mahali mahususi (pa-) na mahali pasipo dhahiri (ku-). Basi alama tatu zatosha: mraba kwa ukumbi, humo, nukta kwa uwanja unaojulikana, hapo, na kivuli kwa huko ngoma itokako na ipitako. Kivuli kiambatane na jedwali la miezi, maana ngoma za jando hufuata mavuno, na uwanja uliofurika Julai huweza kuwa mtupu Februari.

Suala hili si la urembo. Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu Beni, alifuatilia vyama vya wachezaji badala ya majengo. Ndiyo maana aliiona ngoma ikisafiri kutoka pwani hadi bara. Ramani ya kumbi pekee haionyeshi hayo. Mpimaji ardhi akiisoma, uwanja wa ngoma kwake ni nafasi nyeupe, na nafasi nyeupe hukatwa viwanja.