Usiing'oe mibilinganya baada ya mavuno ya kwanza

Masika yamekwisha, na katika bustani nyingi za nyumbani ukanda wa pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, mibilinganya iliyopandwa mwanzoni mwa mwaka imechoka. Majani ya chini yamekuwa manjano, matawi yamerefuka hadi yanalala, na matunda yanatoka madogo. Huu ndio wakati ambapo wengi huing'oa, wakasafisha tuta na kununua mbegu nyingine. Mimi nashauri kinyume: mbilinganya ulio mzima ukate, uulishe, kisha uuache uchipue upya.

Tumezoea kuuhesabu kuwa zao la msimu mmoja, lakini kwa asili ni mmea wa miaka kadhaa. Kwenye nchi za baridi kali ndiko unakokufa kila mwaka, kwa sababu hauvumilii barafu. Kwetu hakuna kinachoulazimisha kufa. Hesabu ya kalenda yenyewe inatosha kushawishi. Ukisia mbegu mwanzoni mwa Julai, miche itakaa kitaluni wiki tano au sita, halafu itahitaji miezi miwili au zaidi tangu kupandikizwa kabla ya kukupa tunda la kwanza. Hapo umeshafika mwisho wa Oktoba au Novemba. Mti uliokatwa siku hiyohiyo tayari una mizizi iliyozama. Ukitunzwa, kwa kawaida huanza kuzaa baada ya miezi miwili hivi, yaani Septemba. Na katika kiangazi hiki cha kati, mche mchanga ndio unaodai maji kila siku, wakati mizizi ya zamani inafuata unyevu chini.

Kata kwa kisu kikali au mkasi safi, sentimita 20 hadi 30 kutoka ardhini, ukiacha matawi mawili au matatu yenye afya na majani machache. Weka koleo moja la samadi iliyooza vizuri kuzunguka kila shina bila kuligusa, mwagilia, kisha tandaza nyasi kavu. Machipukizi yatakuja mengi. Chagua manne yenye nguvu na uyaondoe mengine mapema, maana kichaka kilichosongamana hakizai.

Kuna wanaosema mti mzee hutoa maua yanayopukutika tu. Maua hupukutika kweli, ila tuangalie sababu. Chungulia ndani ya ua: kama kijiti cha katikati ni kifupi kuliko vijifuko vya chavua vinavyokizunguka, ua hilo mara nyingi haliwi tunda, na mti wenye njaa hutoa mengi ya namna hiyo. Dawa yake ni samadi na maji. Tena chavua ya ua hili hutoka kupitia vitundu vidogo nchani mwa vijifuko, hivyo lazima ua litikiswe. Nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao huifanya kazi hiyo vizuri kwa mtetemo wa miili yao, basi usiwafukuze. Na wasipoonekana, gongagonga matawi kwa kidole asubuhi. Uchungu wa tunda nao hutokana zaidi na kiu, au na kuchelewa kuchuma. Chuma ngozi ikiwa bado inang'aa.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni la magonjwa na wadudu, na hapa sitaki mtu achukue ushauri wangu nusunusu. Kiwavi anayetoboa vikonyo na matunda hujificha ndani ya matawi, kwa hiyo kukata kunasaidia, mradi yale matawi uyachome au uyafukie. Ukiyarundika pembeni, hujafanya kitu. Utitiri mwekundu hupenda ukavu, na maji ya kunyunyizia kwa nguvu chini ya majani huupunguza. Lakini mti unaonyauka ghafla mchana ilhali udongo una unyevu, huo usiukate wala kuuhurumia. Chukua kipande cha shina la chini, kikate, kisha kitumbukize ncha yake kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa ukishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria, ambao hauna dawa ya kuponya. Ng'oa mti huo pamoja na mizizi, uchome, na usafishe kisu kabla hujagusa mwingine. Ng'oa pia wenye mizizi iliyojaa vinundu vya minyoo fundo.

Wanaonikumbusha kilimo cha mzunguko wako sahihi, na ndiyo maana nasema mkato mmoja, isiwe kila mwaka. Mazao ya vuli yakiisha, ng'oa yote. Tuta hilo lipe mahindi au kunde, na kwa misimu miwili au mitatu usilipande nyanya, pilipili, nyanya chungu wala viazi mviringo, kwa kuwa vyote ni ukoo mmoja na bilinganya na huugua magonjwa yaleyale. Mbegu mpya zisie kwenye kitalu kilicho mbali na tuta la zamani.