Somo: Kengele Mbili Langoni pa Kanisa



Kumekuwa na manung'uniko kwamba wauza aiskrimu wanaosimama langoni pa kanisa wafukuzwe, kwa kuwa muziki wa vigari vyao huwavuta watoto kutoka Shule ya Jumapili. Sisi tuliofundisha watoto kwa miaka mingi tunaomba tusikilizwe kabla halijaamuliwa neno, maana watoto wa namna hiyo tulikuwa sisi wenyewe.

Tulikulia Tanga, na habari hizi ni za mwanzo wa miaka ya 1970. Umeme wa Mto Pangani ulikuwa umeongezwa kwa kituo cha Hale mwaka 1964, na barafu ilipatikana mjini. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, joto lilipozidi hata mbwa wakalala uvunguni, muuza lambalamba alipita mitaani na baiskeli yake. Alifunga sanduku la mbao lililopigwa bati kwa ndani, na mkononi alishika kengele ya shaba. Tuliisikia akiwa bado mtaa wa pili. Mwenye senti alikimbia, asiye na senti naye alikimbia.

Jambo moja lilitutatiza. Juu ya barafu mzee yule alitandika gunia zito. Je, gunia si litaipasha joto, kama blanketi linavyotupasha sisi? Miaka mingi baadaye, katika Chuo cha Ualimu, ndipo tulipofundishwa kwamba blanketi halitengenezi joto hata kidogo. Huzuia tu joto lisipite. Aliyejifunika huzuiwa joto lake lisitoke, na barafu iliyofunikwa huzuiwa joto la nje lisiingie. Tena mzee alinyunyiza chumvi ya mawe juu ya barafu. Barafu tupu inapoyeyuka hukaa kwenye nyuzi sifuri, nayo lambalamba, kwa ajili ya sukari yake, hulainika hata kabla ya kufika hapo. Lakini barafu ikichanganywa vizuri na chumvi yaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Mzee hakusoma hayo darasani, ila aliyajua. (Mwalimu wa sayansi asiyetumia mfano huu wa gunia anapoteza bure somo zuri.)

Jumapili moja mama alitufungia senti 20, ile yenye picha ya mbuni, katika pembe ya leso. Ilikuwa sadaka yetu watatu. Kengele ya kanisa ililia tukiwa njiani. Tulipofika langoni ililia ya pili, chini ya mkungu, na mdogo wetu akasema, "Tulambe kidogo tu, tutawahi." Tulinunua moja, nyekundu, tukapeana zamu ya kulamba. Mdogo wetu hakulamba, aliuma, ndipo ugomvi ukaanza. Tuliingia Injili imekwisha kusomwa. Chombo cha sadaka kilipotufikia, kila mmoja wetu aliingiza ngumi iliyofungwa, akaifungua ndani, akaitoa. Hapo tulitenda neno baya kuliko kula ile senti, na tulilijua siku ile ile.

Nyumbani mama hakuuliza mengi. Alisema tu, "Hebu toeni ndimi." Zote tatu zilikuwa nyekundu.

Hatukupigwa. Juma lile tulichota maji ya jirani mpaka tukazipata senti 20 nyingine. Na Jumapili iliyofuata mama aliwahi kwenda mwenyewe kwa yule mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee wangu, mbona wawapigia watoto kengele wakati wa Misa? Wanakula sadaka."

Mzee alifunua gunia, akamwonyesha. "Mwanangu, na mimi nina watoto. Barafu hii naichukua alfajiri. Ikifika adhuhuri ni maji. Mimi naweza kungoja, yenyewe haingoji."

Basi tusidhani kwamba shida hii ni ya kwetu peke yetu. Huko Marekani, mwaka 1920, Harry Burt wa mji wa Youngstown, Ohio, alitia aiskrimu ya kijiti katika magari yenye ubaridi, akayafunga kengele, yapite mitaani wakati wa joto. Husimuliwa kwamba kengele ya kwanza aliitoa katika sleji ya mwanawe ya kutelezea thelujini. Tangu hapo aiskrimu haikungoja tena watu waifuate dukani, na mlio ndio uliofanya kazi yote. Baadaye kengele ikawa muziki, na malalamiko yakafuata. Uingereza, sheria ya mwaka 1974 huruhusu milio hiyo kuanzia saa sita mchana hadi saa moja jioni tu, na mwongozo wa mwaka 2013 wataka mlio usizidi sekunde 12, wala usipigwe ndani ya meta 50 za hospitali, za shule wakati wa masomo, wala za nyumba ya ibada katika siku ya ibada. Katika jiji la New York sheria iliyopitishwa mwaka 2005 yakataza muziki gari linaposimama. Angalieni, ndugu: wote hao walizuia mlio. Muuzaji hakufukuzwa.

Kwa maoni yetu na wazee wa kanisa wafanye vivyo hivyo. Wazungumze na wale vijana, muziki uzimwe mpaka watoto watoke. Wengi wao wana friza na betri siku hizi, hawana haraka ya mzee wetu. Habari ya senti za sadaka si ya muuzaji, ni ya wazazi na sisi walimu.

Mama na mzee walikubaliana hivyo. Aliacha kupiga kengele mpaka Misa iishe, naye mama akawaambia akina mama wenzake wawape watoto senti ya pili, wawezao. Jumapili ambazo Padri alihubiri kwa kirefu, mama alitugusa begani, nasi tukatoka polepole kwenda kumsaidia mzee kusogeza baiskeli, maana kivuli cha mkungu kilikuwa kimekwisha kumhama.