Bustani Moja, Majembe Mawili



Miaka kadhaa iliyopita niliachishwa kazi. Nilikaa nyumbani miezi minne, mchana kutwa kitini, usiku sipati usingizi. Mke wangu akiniuliza jambo, nilimjibu kwa ukali. Yeye alikuwa akirudi jioni kutoka sokoni, anachukua jembe na kwenda kupalilia mboga peke yake. Siku moja aliniambia, "Mzee wangu, mgongo unaniuma. Kama hutaki kuongea nami, basi njoo unisaidie kulima tu."

Niliona aibu, nikaenda. Tulipalilia mistari miwili ya sukuma wiki bila kusema neno. Katika mstari wa tatu nilimwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote: kwamba naogopa, na kwamba sijioni tena kuwa baba wa nyumba. Hakuacha kupalilia. Alisema, "Nilijua. Nilikuwa nakungoja."

Faida kwa mwili

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Kulima na kupalilia ni mazoezi. Nusu saa kwa siku tano inatosha kutimiza hizo dakika. Mazoezi ya namna hii husaidia kuteremsha presha na sukari, na huimarisha misuli na mifupa. Tena mnapata mchicha, managu na kunde, mboga zenye vitamini na madini ya chuma.

Faida kwa akili

Mwaka 2011 watafiti wawili wa Uholanzi walichapisha jaribio walilofanya na wakulima 30 wa bustani ndogo. Kwanza waliwapa kazi ya kuwasumbua akili. Kisha wengine walifanya kazi ya bustani kwa nusu saa, na wengine walisoma ndani ya nyumba. Kortisoli, yaani homoni inayopanda mtu anapokuwa na wasiwasi, ilishuka kwa wote, lakini ilishuka zaidi kwa waliokuwa bustanini. Hao pia walipata tena uchangamfu wao.

Nami nimeona jambo jingine. Macho yakiwa udongoni na mikono ikiwa na kazi, maneno mazito hutoka kwa urahisi kuliko mkikaa mkitazamana.

Dawa au mzigo?

Hapa waume tuambiane ukweli. Mama aliyeamka alfajiri, akachota maji, akapika, akashinda kazini, kisha akalima peke yake huku mumewe akipiga gumzo kituoni, huyo hapati dawa. Anaongezewa mzigo. Msimwambie kwamba bustani inaondoa mawazo ikiwa ninyi wenyewe hamuingii.

Anzeni hivi

1. Chagueni nusu saa ya jioni ambayo nyote mnaiweza. Redio na simu zibaki nyumbani.

2. Mkiishi mjini, jazeni gunia udongo na mbolea, wekeni mawe katikati ili maji yapite, kisha toboeni pembeni na kupanda miche.

3. Mume naye abebe maji na mbolea, asiwe msimamizi.

4. Vaeni viatu. Viini vya pepopunda hukaa udongoni, kwa hiyo osheni kila kidonda na muulize kituo cha afya kuhusu chanjo. Dawa za wadudu ziwekwe mbali na watoto.

5. Huzuni ikizidi majuma mawili, au mmoja wenu akianza kusema heri afe, nendeni kwa daktari mara moja. Jembe haliwezi kushika nafasi yake.

Maswali ya kujadiliana

Nyumbani kwetu, ni nani hulima na ni nani hula tu? Ni jambo gani mwenzangu amekuwa akingoja nimwambie?

Msiyajibu mkiwa mezani. Yajibuni jioni, mkipalilia.