Maji yanayopanda bila mvua: somo juu ya mto Lualaba na ukingo wa watu wote

Ninyi wenyeji wa vijiji vya Lualaba, mmezoea masomo juu ya muhogo, mahindi na mbolea. Leo tusome juu ya mto. Sababu gani? Sababu siku ya Mungu watu wa Kolwezi hushuka mpaka ziwa Nzilo na kingo za Lualaba ili kuoga, kuvua kwa ndoana na kupumzika. Watoto wenu huoga katika mto huo huo kila siku. Nao mto huo si kama ule wa babu zetu. Sasa una milango, na milango hiyo hufunguliwa na watu.

Zamani Lualaba ulifuata mvua tu. Mvua zilianza mwezi wa kumi au wa kumi na moja, mto ukajaa mpaka Machi na Aprili, kisha ukapungua polepole muda wote wa kiangazi. Mzee aliyekaa ukingoni aliweza kusema maji yatafika wapi. Lakini upande wa kaskazini ya Kolwezi mto unapita katika mabonde membamba ya mawe, unateremka zaidi ya mita 400 katika mwendo wa kilomita 70 hivi. Nguvu hiyo ndiyo waliyoitaka watu wa shaba. Union Minière ikajenga baraji, ni kusema ukuta wa kufunga mto, pale Nzilo mwaka 1952, na nyingine chini yake pale Nseke katika miaka hiyo hiyo ya 1950. Leo baraji hizo mbili ziko mkononi mwa SNEL, kampuni ya umeme ya Serikali. Chini zaidi kuna Busanga, baraji mpya, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa Sicomines.

Sasa mwelewe kazi ya baraji. Ziwa ni ghala. Wakati wa mvua ghala linajazwa, wakati wa kiangazi maji yanatolewa kidogo kidogo ili kugeuza mashine za umeme. Kwa hiyo mwezi wa tisa mto chini ya ukuta unaweza kuwa na maji mengi kuliko zamani, na mvua za kwanza zikinyesha mto unaweza kubaki mdogo, kwa kuwa ziwa linakunywa kwanza. Ziwa likijaa kabisa, milango mikubwa hufunguliwa, na maji hushuka kwa nguvu nyingi. Tena hata katika siku moja mambo hubadilika: migodi na mji ukitaka umeme zaidi, maji zaidi hupitishwa katika mashine, ukitaka kidogo, maji hupunguzwa. Basi mto waweza kupanda asubuhi na kushuka usiku, na mbinguni hakuna wingu hata moja.

Mtoto akichukuliwa na maji, wengine husema nyoka wa mtoni amemvuta. Sibishani na wazee. Lakini nawaomba waulize kwanza: je, siku ile mawe ya katikati yalifunikwa ghafula? Yakiwa yamefunikwa, yawezekana maji yametumwa na mtu aliyefungua mlango mbali sana, asiyejua kama kuna watoto mtoni. Mlinzi wa baraji haoni kijiji chako.

Kwa hiyo kila kijiji kilicho chini ya ukuta kiwe na mti wa kupimia maji. Chagua mti mgumu usioliwa na mchwa, mrefu kupita mtu. Uchonge alama kila sentimita 10, uzipake rangi au lami. Uusimike ndani ya maji mahali patulivu, karibu na ukingo, si katika mkondo, sababu mkondo utaung'oa. Mwanafunzi mmoja asome alama asubuhi, na tena jioni, aandike katika daftari: siku, saa, alama, na kama mvua ilinyesha. Kazi hii haina gharama, na mtoto wa darasa la tatu aiweza. Baada ya mwaka mzima mtajua ni saa gani mto wenu hupenda kupanda, na ni miezi gani si vizuri kuvuka kwa miguu. Lakini daftari halizuii maji. Hata saa ambayo mto umezoea kuwa mdogo, mtu mzima asimame kuangalia mti huo watoto wakiwa majini.

Dalili za maji yanayokuja ni hizi: majani makavu na vijiti vinaanza kuelea, povu linapita, maji yaliyokuwa meupe yanakuwa na tope, sauti ya mawe inabadilika. Ukiona hata moja, toka. Usirudi kuchukua nyavu wala nguo. Msipeleke watoto kucheza juu ya visiwa vya mchanga katikati ya mto. Ni pazuri sana, nakubali, lakini njia ya kurudi hufunikwa kwanza. Wala mtu asiogelee karibu na ukuta, juu yake wala chini yake, sababu juu maji huvutwa kuelekea mashine na chini huzunguka kwa nguvu.

Katika ziwa lenyewe hatari ni nyingine: mamba, viboko, na kichocho, ugonjwa unaotoka kwa konokono wadogo wanaokaa penye majani ya maji na maji yaliyosimama. Msioge penye matete. Tena vijito kama Luilu na Musonoi hupita karibu na viwanda vya shaba. Maji yake si ya kuogea watoto.

Sasa ukingo. Ziwa likipungua, linaacha udongo mweusi wenye unyevu, na kila mtu anatamani kupanda mboga pale. Pandeni, lakini acheni hatua ishirini kutoka mstari wa maji ya juu bila jembe. Majani na matete ya pale yanashika udongo. Mkiyang'oa, mvua inapeleka shamba lenu ziwani, na pwani ya kuogea inakuwa tope. Katika hatua hizo ishirini gawanyeni mahali: pa kuteka maji upande wa juu, kisha pa kuoga, kisha pa mitumbwi, na pa wageni wa siku ya Mungu mbali kidogo, pamoja na choo chao.

Wageni hao wanaleta jambo kubwa kuliko choo. Mtu wa mji anapenda pwani, anarudi na karatasi, anajenga ua mpaka majini, na njia ya kisima inakwisha. Jueni hivi: kwa sheria ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi yote ni mali ya Serikali. Mkono wa chefu peke yake hautoshi kumpa mtu ardhi. Tena sheria hiyo inataka uchunguzi ufanyike kwanza mahali penyewe, kabla ardhi ya vijijini haijatolewa, ili haki za watu waliopo zijulikane. Siku hiyo ndiyo siku yenu. Ikipita mmekaa kimya, kusema baadaye ni kazi ngumu.

Angalieni Uganda. Katika mto Nile karibu na Jinja, wageni walikuja kutoka nchi nyingi kushuka maporomoko ya Bujagali kwa mashua za mpira, na wenyeji walipata kazi. Baraji ikajengwa, na mwaka 2011 maporomoko yakazama chini ya ziwa lake. Lakini mapema, mwaka 2007, Serikali ya Uganda ilikuwa imepatana na Benki ya Dunia kwa maandishi kwamba maporomoko ya Kalagala, chini zaidi, yahifadhiwe badala yake. Bujagali haikupata maandishi kama hayo.

Basi mtumishi wa ardhi akija kwa uchunguzi, waje wavuvi, wanawake wanaoteka maji, na mwalimu. Mtembee naye ukingoni kwa miguu, si kukaa barazani. Mwonyesheni njia ya maji, mahali pa mitumbwi, mti wa kupimia na daftari lake. Mwombeni aandike kila kimoja kwa jina, asome kwa sauti yale aliyoandika, ndipo mtie sahihi. Nakala moja ibaki kwa chefu, nyingine shuleni.