SOMO: KINANDA KISICHOSIKIA MKONO



Somo la leo limetoka Mji wa Kale, Mombasa. Kuna kikundi cha vijana huko wanaopiga taarab arusini, na kila mapato hutoa fungu la mfuko wa mikopo. Walichanga miezi minane wakanunua kinanda kilichotumika. Ni kile cha aina isiyo na sauti yake yenyewe: hutuma habari kwa waya hadi kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo itoayo sauti ya udi, fidla au kodiani.

Usiku wa kwanza kiliwaaibisha. Mpigaji, binti wa miaka 19, alibonyeza sauti ikatoka kwa shida, kama mtu anayenong'ona. Akikaza, inalipuka hata mwimbaji akageuka. Kikao kikaitwa. Wengine wakasema kinanda kibovu, kiuzwe. Wengine, na haya ndiyo yaliyoniuma, wakasema ati mkono wa msichana hauna nguvu, atafutwe mvulana. Mnunuzi alikuwepo, kwa nusu ya bei. Nakiri kwamba nami nilikuwa karibu kukubali kiuzwe.

Mimi si fundi, lakini nilikaa na fundi akanieleza. Chini ya kila kitufe mna viguso viwili vidogo. Ukibonyeza, kimoja hugusa kwanza, kisha cha pili. Kinanda hupima muda uliopita katikati. Muda mfupi maana yake kidole kilikwenda mbio, basi sauti kubwa. Kwa hiyo hakipimi uzito wa mkono hata kidogo. Kinapima mwendo wake. Kisha hutuma namba, kuanzia 1 hadi 127, kwa lugha iitwayo MIDI ambayo watengenezaji wa Japani na Marekani walikubaliana mwaka 1983, ili vyombo vya makampuni mbalimbali vielewane.

Sasa, nani aamue mwendo gani upewe namba gani? Hilo hupangwa ndani ya kinanda. Tafuteni palipoandikwa "Velocity" au "Touch". Mkiweka kwenye laini, mguso mdogo hutoa namba kubwa. Mkiweka kwenye nzito, mpaka upige kwa kasi sana. Pia kuna mpango wa namba moja tu, upige utakavyo.

Hebu jaribuni hivi. Mpigaji mwenyewe, si fundi wala mwenyekiti, abonyeze mara kumi kama asiyetaka kumwamsha mtoto, halafu kawaida, halafu kwa nguvu zake. Programu nyingi huonyesha namba. Ikiwa mguso wa kumbembeleza mtoto tayari umefika 100, mpango ni laini mno. Ikiwa nguvu zake zote zinaishia 80, ni mzito mno. Badilisheni hatua moja, mrudie. Angalieni pia programu ya kompyuta, maana mara nyingine nayo ina mpango wake, na miwili ikipishana mtahangaika siku nzima. Mkimaliza, hifadhini, kwani baadhi ya vinanda husahau vikizimwa.

Mfikirie na sauti mnayoiga. Harmoniamu ya taarab ya wazee wetu hupata nguvu kwa upepo wa mivukuto. Ukikandamiza kitufe huongezi kitu. Kodiani ni hivyo hivyo. Kwa sauti hizo ile namba moja yafaa. Lakini udi! Aliyemsikiliza Zein l'Abdin, aliyefariki mwaka 2016, anajua uzi hubembelezwa na hupigwa. Udi wa namba moja hulia kama cherehani.

Ikiwa ni vitufe viwili vitatu tu vinavyopiga kelele au kunyamaza, msiguse mpango. Hapo ni vumbi na unyevu wa chumvi kwenye viguso, jambo la kawaida kwetu kisiwani. Kifunguliwe na fundi kisafishwe, na baada ya kupiga kifunikwe kwa leso.

Kile kinanda cha vijana kilikuwa kwenye nzito kabisa. Mwenye nacho wa kwanza alikiacha hivyo. Robo saa ilitosha kukirekebisha. Binti bado ndiye mpigaji.

Kwa kikao chenu: chombo mlichonunua kwa pamoja, kitabu chake cha maelezo kiko kwa nani? Hawa vijana hawakukiulizia siku ya kununua.