MADA YA 7: KIFASIRI CHA BAITIKODI

Baada ya kusoma mada hii uweze kueleza maana ya baitikodi na kufuatilia kazi ya kifasiri hatua kwa hatua.

7.1 Maana

Baitikodi ni mfululizo wa amri fupi zilizoandikwa kwa namba. Kikusanyaji hugeuza programu uliyoandika kuwa baitikodi. Kifasiri huzisoma amri hizo moja baada ya nyingine na kuzitekeleza. Python hufanya kazi kwa njia hii, na Java pia, iliyotolewa mwaka 1995. Faida yake ni kwamba faili lile lile la baitikodi ya Java huendeshwa kwenye kompyuta za aina tofauti, mradi kila moja iwe na kifasiri chake.

7.2 Mfano

Mkulima wa Makangale, Pemba, ameuza kilo 12 za karafuu kavu. Tuseme bei ni shilingi 15,000 kwa kilo, na nauli ya kufikisha mzigo kituoni ni shilingi 4,000. Hesabu yake ni:

15000 × 12 − 4000

Baiti moja hubeba namba kuanzia 0 hadi 255 tu, hivyo 15000 haienei. Kwa sababu hiyo thamani hukaa kwenye jedwali, na amri hutaja nafasi yake tu:

Nafasi 0: 15000
Nafasi 1: 12
Nafasi 2: 4000

Amri za lugha yetu ndogo ni hizi:

0 – SIMAMA
1 – WEKA (baiti inayofuata ni nafasi katika jedwali)
2 – ZIDISHA
3 – TOA
4 – JUMLISHA
5 – ONESHA

Baitikodi yetu: 1 0 1 1 2 1 2 3 5 0

7.3 Jinsi kifasiri kinavyofanya kazi

Kifasiri kina kielekezi kinachoonesha baiti ya kusomwa, na rundo la thamani. Rundo ni kama sahani zilizopangwa: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuchukuliwa. Kazi yake ni kurudia mambo matatu mpaka ikutane na SIMAMA: soma amri, itambue, itekeleze.

| Baiti | Amri | Rundo (juu ni kulia) |
|---|---|---|
| 1 0 | WEKA | 15000 |
| 1 1 | WEKA | 15000, 12 |
| 2 | ZIDISHA | 180000 |
| 1 2 | WEKA | 180000, 4000 |
| 3 | TOA | 176000 |
| 5 | ONESHA | (tupu) |
| 0 | SIMAMA | (tupu) |

Jibu: shilingi 176,000.

7.4 Zingatia: watahiniwa hukosea hapa

(a) Namba 2 imetokea mara mbili. Ya kwanza ni amri ya ZIDISHA. Ya pili imefuata WEKA, kwa hiyo ni nafasi katika jedwali. Baiti haina maana peke yake. Maana yake hutokana na mahali ilipo. Ukiruka baiti moja, hatua zote zinazofuata zitaharibika.

(b) TOA huchukua thamani ya juu, kisha iliyo chini yake, halafu hupunguza ya juu kutoka katika ile ya chini. Nauli ikitangulia kuwekwa, jibu litakuwa −176000: mkulima aliyeuza karafuu ataonekana anadaiwa.

7.5 Zoezi

Tumia jedwali na amri zile zile. Baitikodi ni: 1 1 1 0 1 2 3 2 5 0

1. Chora jedwali la hatua na uandike jibu litakaloonekana.
2. Andika hesabu hii kwa njia ya kawaida.
3. Rundo lilifika thamani ngapi lilipojaa zaidi?
4. Kwa nini baitikodi haihitaji mabano?

Majibu

1. 132000.
2. 12 × (15000 − 4000).
3. Thamani 3.
4. Mpangilio wa amri wenyewe umeshaonesha kipi kinatangulia: TOA imekuja kabla ya ZIDISHA.

Kama jibu lako la swali la 1 ni tofauti, usilifute kwanza. Rudi kwenye jedwali lako, weka kidole juu ya kila baiti, na utafute mstari wa kwanza ambapo rundo lako halikubaliani na amri. Kosa liko hapo.