Kazi ya Balozi Mdogo: Ayawezayo na Asiyoyaweza

Vijana wengi wa Meru na Embu huondoka makwao kwenda kutafuta kazi katika nchi za Waarabu, hasa Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Msichana akishafika huko na mambo yakamwendea vibaya, wazazi wake husema, "Balozi yuko, atamtoa." Neno hili lina ukweli nusu, na nusu ya pili imewaumiza watu wengi.

Balozi mdogo ni ofisa aliyetumwa na serikali yake kukaa katika nchi ya kigeni ili awaangalie raia wake walioko huko. Pasipo na balozi mdogo, kazi hiyo hufanywa na ofisa wa ubalozi wenyewe. Madaraka yake yameandikwa katika Mapatano ya Vienna ya mwaka 1963, ambayo Kenya iliyakubali mwaka 1965. Mapatano hayo yasema wazi kwamba sharti aheshimu sheria za nchi aliyomo, wala asiingilie mambo yake ya ndani. Mzee wa Njuri Ncheke ni mtu mkubwa kwao Meru, lakini akizuru Mombasa hawezi kukata shauri katika baraza la wenyeji. Balozi mdogo naye ni mgeni mwenye heshima, si hakimu.

Basi hawezi kufungua mlango wa gereza, wala kumwamuru kadhi abadili hukumu, wala kuingia kwa nguvu nyumbani mwa tajiri amtoe mtumishi. Tena asidhaniwe kuwa ana fedha za kulipia kila mtu deni, faini, wakili au nauli.

Awezayo si haba. Mtu akikamatwa, polisi yawapasa kumwambia kwamba anayo haki ubalozi wake ujulishwe. Naye akitaka, lazima waujulishe bila kukawia. Yaangaliwe sana maneno hayo, "akitaka". Anyamazaye kwa hofu huenda akakaa miezi pasipo ubalozi kupata habari zake. Ofisa akijulishwa aweza kumtembelea gerezani, kusema naye na kumtafutia wakili. Aliyepoteza pasi aweza kupewa hati ya dharura ya kurudi kwao.

Mkenya mmoja alihukumiwa kufa huko Saudia kwa kumwua mwenzake wa kazi mwaka 2011, na siku ya kuuawa kwake iliwekwa Mei 2024. Maofisa wa Kenya hawakuitangua hukumu, maana hawakuwa na uwezo huo. Waliomba muda, wakapewa. Katika muda huo ilipatikana diya ya riyali 3,500,000, na mnamo Julai 2025 akafunguliwa.

Huko Beirut mambo yalikuwa mazito zaidi. Kenya haikuwa na ubalozi Lebanon; alikuwako balozi mdogo wa heshima tu, na ubalozi wa Kuwait ndio uliosimamia nchi hiyo kwa mbali. Mwezi Agosti 2020, baada ya mlipuko mkubwa wa bandarini, wanawake wa Kenya walilala nje ya ofisi hiyo wakiomba kurudishwa kwao. Kwa hiyo ni vema msafiri aulize mapema kama nchi aendayo ina ubalozi wa Kenya, na uko mji gani.

Mtu akifa ugenini, ofisa husaidia kupata hati za kifo na ruhusa ya kuuondoa mwili. Gharama za kuusafirisha mara nyingi huwaangukia jamaa, na ndiyo sababu harambee hufanywa vijijini.

Ofisa hawezi kumtafuta asiyemjua. Jamaa wakipeleka habari, watoe jina kama lilivyoandikwa katika pasi, namba ya pasi, jina la wakala, na jina la tajiri na mji wake. Wakala naye atazamwe kwanza katika orodha ya wenye leseni ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Nakala za pasi na mkataba ziachwe kwa mzazi kabla msafiri hajapanda basi la Nairobi.